Sura ya Nne: Mwizi Aliyeacha Makubwa

Inspekta alikuta mlango wa duka la Sonara umefungwa kwa ndani mchana kweupe. Kibao cha TUMEFUNGA kilikuwa kinaning'inia, na nyuma ya kioo konstebo aliyemtangulia alikuwa anampungia mkono kwa uso wa mtu aliyeachiwa watoto wa jirani awalee.

"Afadhali umefika, afande," konstebo alisema huku akifungua kitasa. "Humo ndani kuna harusi na kuna ugomvi, na mimi sijui nianze na kipi."

"Kuna aliyeumia?"

"Hakuna."

"Basi tuanze na harusi."

Duka lilikuwa jembamba na refu. Kushoto makabati ya vioo yenye cheni na hereni, kulia ukuta mzima wa saa, kila moja ikisema lake bila kumsikiliza jirani. Mwisho kabisa kulikuwa na mlango wa chumba cha ndani, kile ambacho Sonara aliwakaribishia wateja wa kuchagua mawe, si wale waliokuja kubadilisha betri. Humo ndimo sauti zilimokuwa.

"Nilisema tangu mwanzo!" mwanaume mmoja alikuwa anafoka. "Nilisema, nikaambiwa nina wivu!"

"Ulisema nini? Hebu rudia wote tukusikie," sauti ya mwanamke ikamjibu, kali kama wembe.

"Amesema nini?" ikauliza sauti nzito ya mzee.

Inspekta aliingia bila kubisha, na wote wakanyamaza ghafla. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye viatu vya raba chini ya suruali ya kazi, kwa kuwa alishajifunza zamani kwamba upelelezi ni kazi ya miguu. Aliangalia chumba kabla hajawaangalia watu. Meza moja. Taa yenye shingo ndefu, mwanga wake mweupe umemwagika juu ya trei nyeupe. Koleo nyembamba ya kushikia mawe, chupa ya spiriti, pamba. Dirisha moja la juu lenye nondo. Feni ipo, lakini imezimwa, na joto lilikuwa si la kawaida.

"Feni imeharibika?"

"Siiwashi mawe yakiwa mezani," alijibu Sonara, mwanaume mwembamba mwenye lenzi inayoning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Kijasho kilikuwa kinamtiririka, na si cha joto peke yake. "Afande, nimeibiwa almasi. Na si yangu. Mwenye mawe ameniazima nimwonyeshe mteja, jioni anakuja kuchukua yaliyobaki. Kazi yetu hii ni jina. Jina likichafuka, hakuna atakayekuachia hata kipande cha shaba."

"Pole. Tutaitafuta. Hawa ni nani?"

Wakatambulishwa. Aliyekaa mbele ya trei, mgongo umenyooka, mikono imepakatwa, alikuwa bibi harusi mwenyewe: mshonaji wa nguo aliyepita sitini, mjane, anayejulikana mtaa mzima kama Mama Sindano. Gauni lake la bluu alilishona mwenyewe na lilimkaa vizuri kuliko nguo zote zilizokuwamo chumbani. Bwana harusi alikuwa amesimama karibu na dirisha, mzee mrefu mwenye koti zito na masharubu yaliyochanwa, dereva wa treni mstaafu. Huyo waliomfahamu walimwita Mzee Honi. Binti yake alikuwa muuguzi, naye ndiye mwenye ile sauti ya wembe. Kijana wa kufoka alikuwa mwana pekee wa Mama Sindano, mpima ardhi, na alikuwa amekunja uso kana kwamba amezaliwa hivyo.

"Nieleze tangu mwanzo," Inspekta alimwambia Sonara.

"Walikuja asubuhi kuchagua almasi ya pete ya ndoa. Nikawapangia nne kwenye trei. Mama akaziangalia moja moja. Nikageukia droo kutafuta vipimo vya vidole, halafu nikashughulika na kidole chake. Kurudisha macho kwenye trei, nakuta tatu."

"Ipi haipo?"

"Ndogo kuliko zote."

Inspekta aliyekuwa anainama juu ya meza alisimama wima. "Ndogo?"

"Ndogo, tena ina doa kwa ndani. Kusema kweli," Sonara alishusha sauti, "niliiweka pale ili zile nyingine zionekane kubwa."

"Nilijua tu," alisema Mama Sindano. "Na mimi huwapangia wateja kitambaa kibaya kwanza."

Inspekta alinyoosha kidole kuelekea jiwe kubwa. Sonara aliruka kama aliyekanyagwa.

"Usiguse, afande! Tumia koleo. Almasi ina tabia zake. Maji haiyataki, lakini mafuta inayapenda kufa. Unto wa ncha ya kidole tu ukiigusa inafifia, naanza kuisugua upya na spiriti."

"Samahani. Baada ya kuona imepungua ulifanya nini?"

"Nilifunga mlango. Nikaomba kila mtu atoe vitu vyake vya mfukoni na kwenye mikoba, kwa heshima. Vile pale."

Mwisho wa meza vilipangwa mafungu mafungu. La Mama Sindano: pochi, utepe wa kupimia, kibweta cha pini. La muuguzi: bandeji, plasta, mkasi mdogo, kikopo cha mafuta ya mgando, kitana. La mpima ardhi: funguo, simu, hanchifu nyeupe iliyokunjwa ikawa ndogo. La Mzee Honi lilikuwa na miwani na peremende basi.

"Huyo hakutoa vyote," mpima ardhi alisema akimnyooshea Mzee Honi kidole. "Ana mfuko wa ndani ya koti. Sonara alipomwomba autoe, akaushika hivi kwa mkono na kukataa. Mbele ya mama yangu! Mtu asiye na la kuficha anakataa nini?"

"Baba si mwizi," alisema muuguzi.

"Afungue mfuko basi!"

"Amesema nini?" aliuliza Mzee Honi.

Mama Sindano hakugeuka kumtazama yeyote. Alikuwa anaiangalia trei. "Afande," alisema taratibu, "mimi nilikuja hapa nikiwa na furaha. Naomba unirudishie, jiwe lipatikane au lisipatikane."

Kabla Inspekta hajajibu, konstebo, aliyekuwa amepiga magoti na tochi yake, aliguta kutoka chini ya viti. "Nimeipata!"

Konstebo aliinuka, magoti yamejaa vumbi, kwenye kiganja chake kuna chembe inayometa. Sonara aliipokea kwa koleo kama anayepokea mtoto mchanga, akaisogeza mdomoni na kuipulizia pumzi. Ukungu ulitanda juu yake, ukakaa, ukaendelea kukaa.

Mabega yake yakashuka. "Almasi ukiipulizia ukungu hauchukui hata kufumba jicho. Hiki ni kioo."

Muuguzi aliinua mguu, akachungulia ndala zake za kung'aa. Katikati ya maua palikuwa na kishimo kitupu. "Ni changu," alisema kwa aibu.

Mama Sindano peke yake ndiye aliyecheka. Alicheka kicheko kifupi kilichomtoka bila ruhusa, na Inspekta akaona jinsi mwanawe alivyomtazama, kama mtu anayesikia wimbo asioujua ukiimbwa nyumbani kwao.

"Nitazungumza na mmoja mmoja huko mbele," Inspekta alisema. "Tuanze na wewe, kijana."

Walisimama baina ya makabati, saa zikigonga ukutani kila moja kivyake.

"Ulikuwa umesimama wapi jiwe lilipopotea?"

"Nyuma ya kiti cha Mama. Sikutoka hapo."

"Na mzee?"

"Dirishani. Alitupa mgongo ghafla, akaenda dirishani akawa anahangaika na kitu ndani ya koti. Nilipogeuka kumwangalia, akakirudisha upesi."

"Kabla ya hapo alisogelea meza?"

Mpima ardhi alifikiri. Alikuwa mtu wa vipimo, na vipimo vilimkataza kudanganya. "Hapana. Alikuwa upande wa pili. Lakini..."

"Lakini humpendi."

"Simjui, afande. Wamejuana mwaka huu huu, kwenye foleni ya kliniki ya macho. Leo wanachagua almasi."

"Mama yako anasemaje?"

"Mama anacheka siku hizi." Alilitamka kama shtaka. "Anapika huku anacheka peke yake. Baba alikuwa mtu mkimya. Nyumba yetu ilikuwa ya kimya."

"Na hilo la kucheka, unataka nilifungulie faili?"

Kijana alizitazama saa. "Hapana," alisema.

Ilipofika zamu ya Mzee Honi, Inspekta alimwacha atangulie mbele, akabaki nyuma yake kidogo. "Mzee," alisema kwa sauti ya kawaida, "kamba ya kiatu imefunguka."

Mzee aliendelea kuangalia hereni.

Inspekta akazunguka mpaka mbele ya uso wake. "Kifaa chako cha kusikia kimo kwenye mfuko wa ndani. Sivyo?"

Macho ya mzee yalikuwa kwenye midomo yake, kisha yakamtoka pima. "Nani amekwambia?"

"Wewe. Tangu nifike umeuliza 'amesema nini' kila mtu akikupa kisogo, na hujauliza hata mara moja mtu akikutazama."

Mzee Honi aliangalia mlango wa ndani, akatia mkono ndani ya koti, akautoa polepole. Kwenye kiganja kikubwa chenye makovu ya moto wa injini kulikuwa na kidude kidogo cha rangi ya ngozi.

"Maisha yangu yote nimekaa chini ya honi ya treni," alisema. "Ukistaafu wanakupa mkono wa kwaheri na sikio bovu. Nikienda kwake nakivua. Nataka anione mzima."

"Kwa hiyo asubuhi yote hii hukusikia walichokuwa wanashauriana?"

"Nusu. Nusu nyingine nilikuwa nakubali kwa kichwa tu. Ghafla nikaona wote wananikodolea macho, nikajua nimeulizwa jambo kubwa. Nikaenda dirishani nikivae kwa siri. Huyu kijana akageuka." Alikifumba kiganja. "Afadhali niitwe mwizi kidogo, afande, kuliko aniite kiziwi. Tafadhali usimwambie."

"Sitamwambia mimi," Inspekta alisema, sauti akiitoa wazi, uso kwa uso. "Utamwambia wewe. Na usichelewe, maana wewe si mwizi na mimi nataka kumaliza kazi."

Aliporudi chumba cha ndani, aliwakuta wamekaa kama wanaosubiri majibu ya mtihani. Alivuta kiti akaketi pembeni ya meza.

"Kuna jambo moja limenikaa vibaya tangu niingie," alianza. "Mwizi ameinama juu ya trei hii. Ana nafasi ya kuchukua jiwe moja. Hapa kuna kubwa linalowaka kama taa ya gari. Hapa kuna hili la umbo la tone, hapa hili la umanjano. Anayaacha yote, anachukua dogo lenye doa. Mwizi gani huyo?"

"Mjinga," alisema konstebo.

"Au hayupo. Sonara, weka hicho kioo cha ndala mahali jiwe lilipokuwa. Kila mtu arudi pale aliposimama. Tutachagua almasi upya, na hakuna kuruka hata kitu kidogo."

Wakajipanga. Sonara upande wa droo, mpima ardhi nyuma ya kiti, muuguzi kushoto kwa Mama Sindano, Mzee Honi ng'ambo ya meza. Mama Sindano akapewa lenzi. Mwanzoni aliishika kwa uzito, kisha kazi ikamnogea tena, akainama.

"Nilianza na hili kubwa," alisema. "Ni zuri, lakini linajisikia mno. Nikaona nitakuwa nalibeba mimi, si lenyewe linibebe. Nikaja kwa hili la umanjano. Lilinipendeza mpaka nilipolisogeza kwenye ngozi yangu, rangi zikagombana. Hili la tone..." Aliinua lenzi. "Kila nikiliangalia naona mtu analia. Mimi nimeshalia vya kutosha."

"Na dogo?"

"Sikuwahi kulipigia lenzi. Sonara alisema anataka kipimo cha kidole."

"Kisha?"

"Kisha akapima."

Kimya kikapita mezani. Kilikuwa kifupi, lakini Inspekta alikiona kilivyopita: kutoka kwa Mama Sindano kwenda kwa mwanawe, kutoka kwa mwanawe kwenda sakafuni.

"Nipe mkono wako wa kushoto, Mama."

Mama Sindano aliutoa. Kwenye kidole cha pete ngozi ilikuwa na mkanda mweupe uliobonyea, ule unaoachwa na kitu kilichokaa miaka na miaka. Kiungo cha kidole kilikuwa chekundu. Na chini ya taa ile kidole chote kiling'aa.

"Hapa palikuwa na pete," Inspekta alisema. "Imetoka leo, tena kwa mafuta. Mbona hakuna aliyenitajia?"

"Tumekuitia jiwe, mwanangu," Mama Sindano alijibu kwa upole. "Pete ya marehemu si jambo la polisi."

"Leo ni jambo langu. Ilitokaje?"

Muuguzi ndiye aliyeanza. "Iligoma. Sonara alijaribu, ikagoma. Mimi wodini navua pete za vidole vilivyovimba kila siku, nikasema niachieni. Nikampaka mafuta ya mgando, nikaizungusha. Mama alikuwa anaumia na hasemi."

"Mama yangu," mpima ardhi alinong'ona, "si Mama yako." Lakini hakukuwa na nguvu katika kunong'ona kwake.

"Halafu?"

"Ikachomoka ghafla. Ikaruka."

"Ikaangukia wapi?"

Muuguzi aliinua mkono hewani kuonyesha njia ya pete, akaushusha polepole. Kidole chake kilitua juu ya trei, karibu na kile kioo cha ndala. Akabaki amekitazama kidole chake kana kwamba ni cha mtu mwingine.

"Hapo," alisema.

"Nani aliiokota?"

"Mimi," alisema mpima ardhi. "Niliikwapua mara moja. Sikutaka ikae katikati ya hayo mawe. Sikutaka ichanganyike nayo."

"Ukaiweka wapi?"

Macho yake yalikwenda mwisho wa meza, kwenye fungu lake, na macho ya chumba kizima yakamfuata mpaka juu ya ile hanchifu nyeupe.

"Almasi inapenda mafuta," Inspekta alisema, akimgeukia Sonara. "Inapenda kiasi gani?"

Sonara alikuwa ameshaanza kutabasamu na hata hajui. "Machimboni, afande, humwaga changarawe na maji juu ya ubao uliopakwa grisi. Mawe mengine yote yanateleza na kwenda zake. Almasi inanasa."

"Ifungue."

Aliikunjua hanchifu kwa koleo, pembe moja baada ya nyingine. Ndani ilikuwako pete nene ya dhahabu, isiyo na nakshi, iliyolika upande mmoja kwa kusukuma vitambaa chini ya cherehani. Aliiinua kwenye mwanga. Ndani ya mduara wake mafuta yalikuwa yameganda utando mzito, na katikati ya utando huo, limejibanza kama chawa ndani ya upindo, lilikuwamo jiwe dogo.

Sonara alilichomoa, akalisugua kwa spiriti, akalipulizia. Ukungu haukukaa. Akavaa lenzi jichoni, akazungusha jiwe huku na huku.

"Doa lipo," alisema. "Upande wa kushoto, kama alama ya mguu wa sisimizi. Ndilo lenyewe!"

Muuguzi alipiga kigelegele ambacho konstebo alikipokea kwa kuruka nyuma na kuiangusha tochi. Sonara aliiwasha feni, akakumbuka, akaizima mbio, akaanza kucheka. Mama Sindano alifunika uso kwa viganja viwili, mabega yakitetemeka kwa kicheko.

Mpima ardhi peke yake hakucheka. Alikuwa ameiva uso mzima. "Basi mwizi ni mimi," alisema. "Nimekaa nalo muda wote. Nimewanyooshea wenzangu vidole, nami ndiye niliyelibeba."

"Wewe ulibeba pete ya baba yako," Inspekta alimjibu. "Jiwe ndilo lililokudandia."

"Amesema nini?" aliuliza Mzee Honi.

Inspekta alimtazama, akanyanyua nyusi. Mzee akavuta pumzi kama anayejiandaa kuruka mto. Mbele ya wote alitia mkono ndani ya koti, akatoa kile kidude cha rangi ya ngozi, akakivaa sikioni, akakibonyeza.

"Bibi yangu," alisema, "mimi sikio langu halisikii bila hiki. Nimekuficha."

"Hatimaye!" alisema Mama Sindano, akifuta machozi ya kicheko. "Nimekijua tangu wiki ya kwanza. Ukikitia mfukoni bila kukizima kinapiga mluzi. Nilidhani umefuga ndege kwenye koti."

"Ulijua? Mbona hukuniambia?"

"Haraka ya nini? Nimepata mwanaume wa kukubali kila kitu. Uliyakubali hata mapazia ya waridi."

"Mapazia gani?"

Hapo hata konstebo alishindwa kujizuia. Kicheko kiliwazunguka mpaka kikawa hakina mwenyewe, na kilipopoa, mpima ardhi alikuwa ameizunguka meza na kusimama mbele ya mzee, mikono haijui pa kukaa.

"Mzee," alisema, "nilikuita mwizi. Mbele za watu. Nisamehe."

Mzee Honi alimwangalia kwa makini, kisha akakigonga kidude chake kwa kidole.

"Uliniita mwizi? Lini?" alisema. "Mimi sikusikia kitu."

Wote walijua alikuwa amesikia. Kijana alijua kuliko wote. Aliinamisha kichwa, akaushika mkono wa mzee kwa mikono yake miwili, na hakuuachia upesi.

Sonara, moyo wake umeshatua, alitaka kuonyesha wema. "Hii dhahabu ya zamani ni nzuri sana," alisema, akiiinua ile pete nene. "Naweza kuiyeyusha nikaitumia kwa pete mpya. Itapunguza gharama."

Mpima ardhi aliganda. Lakini aliyejibu alikuwa Mzee Honi. "Isiguswe," alisema. "Yule bwana alimtunza mpaka mimi nikamkuta mzima. Bibi yangu ana mikono miwili, vidole vipo vya kutosha."

Mama Sindano aliipokea pete. Aliitia kwenye kidole cha mkono wa kulia, ikateleza na mafuta yake mpaka mahali pake.

"Haya," alisema, akivuta trei. "Tumalize kilichotuleta. Nipe hilo dogo."

Sonara alishtuka. "Mama, lile kubwa nitakusaidia bei. Hili lina doa."

"Ndiyo maana nataka kuliona." Akaliwekea lenzi, akainama sana, pua karibu iguse koleo. Wote wakasubiri. Inspekta, ambaye kazi yake ilikuwa imekwisha na aliyekuwa na haki ya kuondoka, alibaki ameegemea mlango.

"Nimeshaliona," alisema Mama Sindano. "Nguo niliyoshona mwenyewe naitambua kati ya nguo elfu kwa ule mshono mmoja uliokwenda kombo. Haya mengine matatu hata mkinibadilishia leo sitajua. Hili nitalijua. Nataka hili."

"Watu hawataliona, ni dogo mno."

"Anayeolewa ni mimi. Watu watakula wali, watarudi kwao."

"Mama," alisema muuguzi, na safari hii hakuna aliyemsahihisha, "linakufaa."

Mpima ardhi aliomba lenzi, akaangalia, akapima kwa jicho la kazi yake. Alikubali kwa kichwa. Sonara akaliweka jiwe kwenye karatasi yake, akaikunja, akaitia mfukoni upande wa moyo na kufunga kifungo. Konstebo alikwenda kugeuza kibao mlangoni.

"Tutaripoti nini, afande?" aliuliza.

"Mali imepatikana. Mshtakiwa hayupo." Inspekta alishika kitasa. "Na useme tulichelewa kwa sababu za kikazi."

Nyuma yao Sonara alikuwa anafuta meza, sauti yake imerudi ya duka. "Pete mnaitaka lini? Nikiifanya kwa utulivu, mwezi mmoja."

"Mwezi?" Mama Sindano alisema. "Tunafunga ndoa Jumamosi."

Inspekta aliachia kitasa, akageuka.

Mzee Honi alikuwa amesimama katikati ya chumba, mkono kwenye sikio lake jipya. "Jumamosi ipi?"

"Hii inayokuja. Tulikuuliza asubuhi hii hapa hapa, wote tukakutazama. Ukakubali kwa kichwa, ukaenda dirishani. Tukajua ni furaha imekuzidi."

Mzee alimtazama binti yake. Binti alikuwa anakubali kwa kichwa. Akamtazama kijana, naye pia. Masharubu yakaanza kucheza, kisha uso wote ukafunguka, ukawa wa mtu aliyeamka akakuta ameshafika alikokuwa anakwenda.

"Jumamosi ni nzuri," alisema. "Ni nzuri sana. Lakini niambie, bibi yangu, kuna kingine nilichokubali?"

Mama Sindano akainuka, akamvutia kiti chake mwenyewe, akakipangusa kwa kiganja.

"Kaa kwanza," alisema.